Ugali wa Kununua

Kama ungeniuliza wakati ule mahali pa kula Nairobi, ningekuelekeza nikiwa nimefumba macho. Nilikaa huko miaka mitatu kabla sijaoa, nikiosha vyombo katika nyumba ya Mzungu, na kila Jumapili nilizunguka hoteli za mitaa ya chini: kwa Mhindi aliyekaanga sambusa huku unamtazama, kwa Msomali wa wali na nyama ya mbuzi, kwa mama mmoja wa Kijaluo aliyejua kuchemsha samaki mpaka unalamba vidole. Kule hakuna aliyekuuliza kwa nini huli kwako. Huo ndio ugonjwa niliorudi nao Tarime.

Maana kwetu, miaka ile ya hamsini, kununua chakula kilichopikwa kulikuwa na maana moja tu: huna mke. Mwenye mke akionekana analipia ugali, anayeaibika ni mkewe, na mama aliyemlea huyo mke naye atasemwa. Nilijua hayo tangu utotoni. Lakini Nairobi ilishaniharibu mdomo.

Tarime yenyewe haikuwa na pa kuchagua. Sokoni palikuwa na kibanda cha chai iliyonuka moshi, na maandazi magumu ya tangu jana. Zaidi ya hapo ni hoteli ya Mswahili mmoja aliyetoka pwani, chumba kimoja chenye mlango mmoja, jiko likiwa barazani. Lakini mtu yule alijua kupika. Alisonga sembe nyeupe, laini, akaweka na nyama ya mchuzi yenye bizari, na mimi nikajiona nimerudi mjini hasa.

Nilifanya kazi kwenye ghala la ngozi, nikitembea kutoka kijijini kwetu Nyarero alfajiri na kurudi jioni. Mke wangu, ambaye hatukuwa tumemaliza naye mwaka, alinifungia kila siku ugali wa ulezi katika kikapu, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Vyote nilimpa mlinzi wa ghala. Jioni nilirudisha kikapu kitupu, naye akafurahi kwamba nimekula nikamaliza. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye maringo.

Siku ya kwanza mwenye hoteli aliniuliza kama nina familia. Nikamwambia sina mke. Nilitaka kula kwa amani, na mtu anayenunua ugali ilimpasa awe mseja. Akanihurumia, na tangu hapo akawa ananiongezea mchuzi bila kuombwa.

Basi mchana mmoja ikashuka mvua ya mawe. Watu wa sokoni wakakimbilia mle ndani, wakijipangusa vichwa. Mimi nilikuwa kona ya mwisho, nimekata tonge la kwanza. Nikainua macho, nikamwona mama mkwe wangu anaingia na mzigo wake wa tumbaku ya kuuza.

Kwetu mkwe ni wa kukwepwa. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Humpi mkono, humtazami usoni, na kula mbele yake ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Alikaa kwenye benchi la mlangoni. Ili nitoke ingenibidi niyaruke magoti yake.

Niligeuza uso ukutani, tonge likiwa mkononi. Sikuthubutu kulirudisha, wala kulitia mdomoni. Niliogopa, nasema wazi. Mimi niliyejiona mtu wa Nairobi nilijibanza ukutani kwa sababu ya mwanamke mzee aliyelowa. Mvua haikuwa na haraka. Mafuta ya mchuzi yakaanza kuganda. Nilijifariji kwamba anaona mgongo tu, lakini mgongo huo ulikuwa umevaa koti la Nairobi, lile nililovaa siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari kwao, na Nyarero nzima hapakuwa na la pili.

Mwenye hoteli akaona sili. "Bwana, chakula kinapoa. Nikupashie?"

Sikujibu. Ningejibu, mkwe angeitambua sauti yangu.

Ndipo mama mkwe akasema, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Baba, huyo wa kule nyuma, hana mtu ya kumpikia?"

"Hana, mama. Hana mke. Mwezi wa tano huu namlisha mimi."

"Hana mke," alirudia polepole. "Haya."

Akajitwika mzigo wake akatoka, na mvua bado inanyesha.

Sahani ile niliiacha kama ilivyo. Jioni mke wangu alipakua, nikala nikamaliza, nikaomba tena. Akacheka, akasema leo kazi imenichosha. Ningeweza kumwambia palepale. Nilinyamaza siku tatu, na kila mbwa alipobweka nilichungulia njiani.

Siku ya nne, asubuhi, wakaja kaka zake wawili. Walikataa kuingia, wakakataa na viti. Mkubwa wao alizungumza na dada yake, mimi akanipita kwa macho.

"Mama ametutuma. Ameambiwa huko mjini kwamba mwenye nyumba hii hana mke. Sasa sisi hatuelewi wewe unakaa hapa kama nani. Funga vitu vyako twende."

Mke wangu alinigeukia. "Nani amesema?"

"Mimi," nikasema.

Nilingoja matusi, au kilio; vyote ningeviweza. Yeye akauliza tu kama nilisema hivyo mara moja, ulimi umeteleza, au niliendelea kusema. Nilijua ni jibu gani lingembakiza. Lakini kaka zake walikuwa wamesimama pale, na uongo nao ulikuwa umenichosha.

"Kila nilipoulizwa," nikamwambia.

Akaingia ndani kufunga nguo zake.