Fundi wa Mapazia na Watu wa Ndani

Siku mume wake alipotangaza kwamba wanahamia Ndani, Mama Mapazia alikuwa anapiga pasi bitana ya mteja na hakuinua hata kichwa. Alidhani ni utani. Mume huyo alikuwa karani wa bima, mtu wa suti moja na tai nyingi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Tai. Wageni waliosikia jina hilo kabla ya kumwona walitarajia jitu lenye mbawa, wakakutana na bwana mwembamba mwenye shingo ya kuomba radhi.

"Nimeshalipa kodi ya kwanza," Tai akasema, na hapo pasi ikasimama.

Ndani palikuwa ng'ambo ya barabara tu. Mtaa ule ulikuwa na jina lake rasmi, limeandikwa kwa herufi za shaba pale getini, lakini hakuna aliyelitumia. Waliokaa nyuma ya ukuta walikuwa Ndani, na dunia nzima iliyobaki ilikuwa nje. Mama Mapazia alikuwepo kabla ya ukuta. Utotoni alikuwa akikata njia kule katikati ya mashamba ya mahindi, na alijua kwamba udongo wa pande zote mbili ni uleule mwekundu unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Bomba la maji nalo lilikuwa lileile. Likikauka, lilikauka kwa wote, tofauti ni kwamba watu wa nje walipiga kelele na watu wa Ndani walikauka kimyakimya.

Hata hivyo alienda kupaona. Dalali aliwapokea getini, akawapitisha kwenye barabara safi isiyo na mtu, hadi nyuma ya jumba moja kubwa la ghorofa. Huko uani palikuwa na vyumba viwili vilivyojengwa zamani kwa ajili ya watumishi. Dirisha la chumba cha kulala lilitazama matangi ya maji. Mama Mapazia akatoa utepe wake wa kupimia, kwa mazoea tu, akapima dirisha, akaurudisha mfukoni.

"Kwa kodi hii kule kwetu napata nyumba nzima na uwanja wa kuanikia," akamwambia dalali.

"Kweli kabisa, mama," dalali akajibu bila kuona haya. "Lakini hapa hulipii vyumba. Unalipia majirani."

"Majirani gani? Tangu nimeingia sijamwona hata mmoja."

"Ndio haohao. Unalipia usiwaone."

"Na ukuta?"

"Ukuta ule ni pambo, mama. Mwizi akitaka ataruka. Ukuta wenyewe hasa ni bei. Bei ikishuka leo, kesho watu wanaingia, na keshokutwa hapa hapana tofauti na kwenu."

Tai alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayesomewa sifa zake. Mkewe alimtazama, akaona kwamba dalali ameeleza wizi wake waziwazi na aliyeibiwa anafurahi.

Alikubali kuhama kwa sababu Tai alishikilia kwamba kuna nafasi ya kupandishwa cheo ofisini, na kwamba meneja huangalia mtu anakaa wapi. Binti yao alikuwa chuoni, mbali. Nyumba yao ilikuwa ya urithi kutoka kwa baba yake Mama Mapazia, haikuwa na wa kuidai, basi akaifunga, akamkabidhi dada yake ufunguo. Dada alipoambiwa kwamba wanakwenda kukaa kwenye nyumba ndogo ya uani, alikaa chini kwa kicheko.

"Mdogo wangu, wanawake wote wanapigana na nyumba ndogo za waume zao. Wewe unahamia kwa miguu yako."

Cherehani nayo ilikwenda Ndani, maana Tai alisema mke wa mtu wa Ndani hakai dukani kando ya barabara. Wateja wakapotea. Mlinzi wa geti aliwauliza wanakwenda kwa nani, na wakisema kwa Mama Mapazia alitazama orodha yake, akakuta jina la mwenye jumba tu. Wengi walirudi walikotoka. Dada mtu alipokuja kumwona alisimamishwa juani hadi akachoka, na alipoingia hatimaye hakutaka hata maji.

"Wameniuliza nimetumwa na nani," akasema. "Nikawaambia nimetumwa na mama yetu, na amekwisha kufa, kamuulizeni."

Siku nyingine akaja mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mstaafu mmoja aliyevaa kaptula na soksi ndefu. Alisimama mlangoni huku mikono iko nyuma.

"Mama, tunasikia sauti."

"Sauti ya nini, baba?"

"Ya kazi." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi. "Hapa watu hawajazoea kusikia kazi."

Mama Mapazia alikunja kitambaa chake taratibu, akamwambia ameelewa. Mwenyekiti akaaga. Hatua chache mbele akageuka, akarudi, akauliza kwa sauti ya chini kama angeweza kumlegezea suruali fulani kiunoni, maana siku hizi inambana. Aliilegeza. Alimlipisha bei ya Ndani, na mstaafu akashukuru.

Mwenye jumba lenyewe alikuwa mjane wa daktari, na wote walimwita Bibi Daktari. Alipita kila asubuhi na miwani mikubwa, akaitikia salamu kwa kidevu. Mama Mapazia hakuwahi kualikwa ndani ya jumba hadi siku Bibi Daktari alipotaka mapazia mapya ya sebule. Alisema kazi hiyo ikatwe kwenye kodi. Fundi akaingia na utepe wake, akasimama katikati ya sebule, na sauti ya viatu vyake ikamrudia kutoka ukutani.

Hapakuwa na kitu. Hakuna zulia, hakuna kochi, hakuna meza. Sakafuni palikuwa na alama za miguu ya makabati yaliyowahi kusimama pale. Chumba cha kulia kilikuwa hivyohivyo. Bibi Daktari aliishi jikoni, na kitanda chake kilikuwa kwenye stoo ya vyakula.

"Mapazia ya upande wa barabara tu," akasema, huku anatazama dirisha. "Ya nyuma hayana haraka. Bitana iwe nzuri kwa nje."

"Bitana kwa kawaida hukaa nyuma, bibi."

"Najua. Mimi nataka uzuri uelekee barabarani."

Kwa muda Mama Mapazia alimhurumia. Alifikiria kwamba mama huyu angeuza jumba hili asubuhi, na jioni angekuwa na nyumba nzuri upande wa pili, viti vya kukalia na chenji ya kumtosha maisha. Akamuuliza, kwa adabu, kwa nini hauzi.

"Niende wapi?" Bibi Daktari akauliza kwa mshangao wa kweli. "Nje?"

Huruma ikaishia hapo. Tangu siku hiyo Mama Mapazia alipopita kwenye barabara ile safi alitazama madirisha yote na kujiuliza ni mangapi yana sebule tupu nyuma yake. Watu walijibana, wakauza vitanda, wakala wamesimama, ili waendelee kukaa mahali ambapo sifa yake kubwa ni kwamba wengine hawawezi kukaa. Na kila aliyeng'ang'ania aliifanya bei ipande zaidi kwa anayemfuata.

Alishona mapazia yale vizuri hata hivyo. Kazi ni kazi. Alikuwa juu ya ngazi pale sebuleni, anapanga marinda, pini zimejaa mdomoni, aliposikia mlango wa mbele unafunguliwa na sauti ya mume wake inasema, "Karibu, karibu sana, bosi. Samahani, nyumba iko kwenye matengenezo."

Tai alikuwa amemwomba Bibi Daktari amwazime sebule kwa saa moja, na Bibi Daktari, ambaye alielewa mambo hayo kuliko yeyote, alikubali. Mkewe hakuambiwa. Viti viwili vilikuwa vimeshaingizwa kupitia jikoni. Mama Mapazia alivitambua. Vilikuwa viti vyake mwenyewe, vya urithi, kimoja mguu wake umefungwa waya.

Meneja alikuwa mtu mnene mwenye haya. Alimwona mwanamke juu ya ngazi, akamwamkia. Ikawa zamu ya Tai kusema neno. Mama Mapazia alimwona anagusa fundo la tai, anatazama sakafu kama inayoweza kumsaidia.

"Huyu ni fundi wa mapazia," Tai akasema.

Pini zilikuwa bado mdomoni. Alirudi kwenye marinda yake, akayapanga moja baada ya jingine bila haraka, huku nyuma yake mume wake anaeleza utulivu wa mtaa, hewa ya mtaa, aina ya watu wa mtaa. Alitegemea hasira ije. Hasira aliijua, wangegombana, wangepatana. Kilichokuja kilikuwa baridi zaidi. Alimdharau.

Alipomaliza alishuka, akatema pini kiganjani.

"Kazi safi," meneja akasema. "Mke wangu anatafuta fundi kama wewe muda mrefu. Unakaa wapi, mama?"

Tai alimkazia macho mkewe. Mama Mapazia akafunga mkoba wake.

"Nakaa nje ya geti, baba. Ng'ambo ya barabara, nyumba ya tatu ukipita mashine ya kusaga. Muulize yeyote Mama Mapazia yuko wapi."

Alipolisema hilo ndipo alipojua kwamba ameamua.

Jioni Tai alimkuta anafunga mizigo.

"Ulitaka niseme nini?" akauliza.

"Ulisema kweli. Mimi ni fundi wa mapazia."

"Basi mbona unaondoka?"

"Fundi akimaliza kazi anarudi kwake."

Alibembeleza kidogo, akanuna kidogo, kisha akauliza kama viti anaviacha. Hakuviacha. Dada yake alikuja na mkokoteni hadi getini, na mlinzi, ambaye kwa wanaoingia alikuwa mkali, wanaotoka hakuwauliza neno.

Dukani wateja walirudi siku chache tu baadaye, na maneno yao yote. Tai alibaki Ndani. Kila Jumapili alikuja kula, akavua koti, akasinzia kidogo, kisha akarudi mapema ili aonekane anaingia getini. Cheo hakikuja. Walioulizia ndoa yake waliambiwa na Mama Mapazia kwamba haijavunjika, ila imekatwa na barabara.

Jumapili moja, Tai akiwa mezani na fulana, kijiko mkononi, gari likasimama nje. Aliingia mama mmoja mcheshi kuulizia mapazia, na nyuma yake meneja. Meneja akamwona karani wake, akatazama fulana, akatazama sahani.

"Ah, kumbe hata wewe unashonesha hapa," akasema, kwa upole wa mtu anayemfungulia mwenzake mlango.

"Ndiyo, bosi," Tai akasema. "Nimekuja kuulizia pazia langu."

Mama Mapazia alikuwa na jibu. Lilikuwa tayari ulimini, na dada yake pale pembeni alikuwa tayari kulisikia. Akamtazama mume wake, makombo kidevuni, akaona kwamba hata kumfichua ni kumpa uzito asiokuwa nao. Akamgeukia mke wa meneja, akamuuliza madirisha yake yana upana gani.

Waliongea kuhusu kitambaa kwa muda mrefu. Mke wa meneja alisema wao wanakaa karibu na soko, juu ya duka la rangi, na vumbi ni jingi, basi anataka kitambaa kinachofulika. Meneja akaongeza kwamba mtaa wao una makelele lakini ameuzoea, na Tai akaacha kutafuna.

Gari lilipoondoka, Mama Mapazia aliondoa sahani mezani ingawa haijaisha.

"Bado nakula," Tai akasema.

"Wateja hatuwalishi," akamjibu.

Tai alivaa koti, akasimama kidogo kungoja aitwe, hakuitwa, akavuka barabara. Mwaka ule kodi ya Ndani ilipanda tena, na dada alileta habari kwamba Tai amehamia chumba kimoja juu ya gereji ya mtu, humohumo Ndani, na anakilipia zaidi ya alivyolipia viwili. Mama Mapazia alimsikiliza hadi mwisho, akauliza tu kama amekumbuka kununua uzi mweupe.