Fomu ya Jimbo

Kila aliyewahi kukaukiwa na bomba alimjua Mama Spana. Fundi wa pampu za maji, miaka kumi na tisa kazini, hakuna kitongoji cha jimbo lile ambacho hakupita na mkoba wake. Mbunge alivipita mara mbili, zote wakati wa kampeni. Basi watu walipomwambia agombee, kwanza alicheka, halafu kicheko kikamwisha.

Asubuhi moja akafika ofisi ya chama, ovaroli imefuliwa, akaomba fomu ya ubunge. Katibu, mwanamume mpole mwenye tabasamu la muuza duka, akamsogezea fomu ya viti vya wanawake.

"Nimeomba ya jimbo," akasema Mama Spana.

"Dada yangu, ya nini kuhangaika? Nyinyi mmeshatengewa vyenu. Hivi vya jimbo tuachieni."

Akajizuia. Akauliza kama hicho cha kutengewa basi angekipata. Katibu akajikuna shingo, akaeleza kwamba orodha ilishapelekwa juu wiki iliyopita, na wa kwanza ni shemeji wa mwenyekiti wa chama, mwanamke ambaye jimboni humo hajulikani hata kwa sura. Ila fomu angeweza kuijaza tu, kutimiza utaratibu.

Hapo damu ikamchemka. Viti vilivyowekwa ili mwanamke apate pa kuingilia, leo ndivyo vinavyomfungia mlango! Huku asiingie kwa kuwa kuna kule, na kule kuna wenyewe.

"Shemeji na akae kwenye kiti chake," akasema. "Mimi nipe fomu ya jimbo. Au niandikie hapa, kwa mkono wako, kwamba umeninyima kwa kuwa ni mwanamke."

Katibu hakuandika, wala fomu hakutoa. Mama Spana naye hakuondoka. Saa tisa alasiri wifi yake, habari zikiwa zimemfikia, akaingia na wanawake kumi na wanne wa kamati za maji, wakakaa sakafuni, kimya. Ndipo droo ikafunguliwa.

Katika kura za chama alitoka wa pili. Katibu akampigia simu kumpa pole, akamdokeza kwamba akitulia, miaka mitano ijayo huenda jina lake likafikiriwa kwenye vile vya wanawake. Mama Spana akamjibu asijisumbue kufikiri. Kesho yake alikuwa kazini, hasira haijapoa, na kila pampu aliyofungua aliwasimulia waliokuja kuteka maji, neno kwa neno, bila kumsitiri mtu.