Siku Galaksi Mbili Zilipokutana Cheyo

Kiangazi kile uwanja wa shule yetu pale Cheyo, Tabora, ulinuka vumbi na moshi wa majani makavu, na mimi nilikuwa darasa la sita kwa mara ya pili, maana mara ya kwanza nilikuwa sijalishiba. Baba yangu, fundi seremala, mtu wa maneno machache, alishanipa neno la mwisho: likija lalamiko lingine kutoka shule, basi, naenda Usinge kulima tumbaku kwa mjomba. Ikafika siku ya wazazi, na Mwalimu Nkwabi wa sayansi akaamua kwamba sisi wanafunzi ndio tutakuwa mbingu.

Alitugawa galaksi mbili, darasa la sita moja, la saba nyingine, kila mtoto nyota. Akawaeleza wazazi kwamba mwanzoni kulikuwa na gesi tu, imetawanyika. Chembe moja ikaivuta nyingine, haba na haba hujaza kibaba, mpaka rundo likawa kubwa, likazunguka, nyota zikawaka ndani yake. Na sisi tukazunguka kweli, polepole, kama wachezaji waliosahauliwa na wapiga ngoma. Kisha akasema galaksi nazo huvutana, hupenyana, na mwisho huwa moja, kama misafara miwili ya zamani iliyokutana njiani ikaamua kwenda pamoja. "Lakini nyota," akapaza sauti, "hazigongani! Tazameni!"

Wakatazama. Mimi nilikuwa nimegeuza shingo kuona kama baba ananiona. Nikasikia ko! Nimempiga kichwa Kabula wa darasa la saba, yeye pua inatoka damu, mimi nipo chini.

"We Shabani, huna macho?" Kabula akafoka. "Uwanja wote huu!"

Wazazi wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Akainuka, akaja mpaka katikati ya mbingu, na mimi nikajiona tayari nimeshika jembe.

Mwalimu akamuwahi. "Mzee, kosa ni langu, uwanja mdogo. Jua letu tukilifanya punje ya karanga hapa Tabora, nyota ya jirani imeshapita Uvinza, inaelekea Ujiji. Ndiyo maana hazigongani."

"Uvinza?" baba akauliza.

"Na mbele kidogo."

Baba akanitazama nilivyojaa vumbi. "Basi baki naye, Mwalimu. Mtu wa namna hii nikimpeleka Usinge atagonga kila mti."

Nikabaki. Nilifika kidato cha pili, hapo nikafeli mwenyewe, bila msaada wa mtu. Siku hizi natengeneza pikipiki karibu na hospitali ya Kitete, na binti yangu hunionyesha kwenye simu picha za galaksi mbili zinazopenyana, mikia ya nyota imevutika kama asali inayodondoka. Ananiambia jambo hilo huchukua mamilioni kwa mamilioni ya miaka. "Sisi tulimaliza kwa nusu saa," namjibu, "na majeruhi wawili." Yeye yote anayapata kiganjani, bila vumbi, enzi zetu ilibidi uwe nyota mwenyewe ndiyo uelewe. Lakini yupo kidato cha tatu, tayari kanipita, na kila jioni ananisahihisha. Mimi nabisha kidogo, ili asidhani kashinda kirahisi.