Kurasa Zilizofungiwa Karanga

Juzi niliamka, nikatia nguo mbili kwenye begi, nikaondoka Temeke bila kujua naelekea wapi. Ndivyo nilivyo. Nilipofika Mwenge nikanunua karanga, nikapewa kwenye kifuko cha nailoni, na hapo, rafiki yangu, nikamkumbuka bibi.

Bibi aliwauzia karanga wachonga vinyago wa hapo, akizifunga kwa karatasi za vitabu chakavu. Siku moja nikaopoa kwenye furushi lake kitabu cha kaka na dada wanaovuka pori na ndama wa tembo aliyepotezana na mama yake. Shule nilikuwa nimeshaiacha, lakini kitabu kile kilinishika. Kila mchana niliwasomea wachongaji, huku mikono yangu ikipiga msasa vinyago vyao. Mwandishi yule alikuwa fundi kweli! Fisi akinyatia, unasikia majani makavu yakivunjika. Patasi zote zilinyamaza.

Jirani yetu, mchonga twiga, hakuweza kuvumilia. "Wee, ndama atamwona mama yake, hamwoni? Sema mapema, mie moyo wangu mdogo."

"Subiri, mjomba. Zimebaki kurasa chache."

Kumbe hazikubaki. Bibi, kwa kunihurumia, alikuwa akichana kutoka nyuma.

"Si nimekuachia za mbele, hizo unazosoma?" alishangaa. Hakujua kusoma, kwake kitabu kilikuwa kama mkate, unakatia upande wowote.

Nilizunguka banda kwa banda nikiomba karatasi za karanga. Wachongaji wakapekua maranda pamoja nami, mchonga twiga kapiga magoti. Tukapata ukurasa mmoja, umelowa mafuta na chumvi: watoto wako ukingoni mwa mto, ndama kasimamisha masikio, ng'ambo kunatimka vumbi.

"Tembo hao," akasema mchonga twiga.

"Majangili hao! Acha kujifariji, mzee," akadakia mchongaji mwenzake.

Walibishana wiki nzima. Leo bibi hayupo, mchonga twiga hayupo, na banda lake limekuwa duka la simu. Kitabu sijakiona tena, lakini hakuna kilichowahi kunipeleka mbali kama kile. Mpaka leo nikiona vumbi ng'ambo, miguu inaniwasha kuondoka.

Jioni nikafika Kunduchi, nisikokujua, nikapata chumba kwa mama anayekaanga samaki.

"Karibu mwanangu. Huku unatafuta nini?"

Nikaomba samaki mmoja. Ndama wa tembo utamwelezaje mtu aliyeinamia karai la mafuta?