Maisha ya Mume Wangu kwa Kiingereza

Mume wangu alifundisha fasihi ya Kiingereza katika shule ya kutwa karibu na Ekerenyo. Mimi niliishia darasa la nane, nikaolewa, nikawa wa kuchuma chai. Riwaya nilizijua kwa masikio. Jioni alikuwa akichukua kitabu anachofundisha, anaketi jikoni kwa mama yake na kumsomea. Mama mkwe hajui Kiingereza, kwa hiyo mume wangu aliangalia ukurasa na kusema kwa Ekegusii, lugha yetu.

Vitabu hivyo viliandikwa na Waafrika, vikihusu Waafrika. Wamishenari wanafika, ardhi inachukuliwa, kijana anarudi kutoka shuleni akiwaonea haya watu wake. Mama alisikiliza huku akimenya ndizi, na hakuwa msikilizaji mpole. Siku moja tulifika mahali ambapo mzee anaingia nyumbani kwa mke wa mwanawe, anakaa, anaomba chakula. Kwetu baba mkwe hakanyagi ndani ya nyumba hiyo. Ni aibu.

"Ameingia?" mama akauliza. Kisu kilisimama.

"Ameingia."

"Huyo aliyeandika hana wazazi?"

"Ni mtu wa kwingine, Mama. Labda kwao ni sawa."

"Ungeniambia mapema. Nimemhurumia huyo mzee tangu jana, kumbe ni wa hivyo!"

Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwetu, hatua chache tu kutoka kwake, mume wangu aliniambia, "Wanafunzi huniuliza mkoloni alituachia nini. Nawapa majibu ya mtihani. Lakini kitabu kinamhusu mama yangu, na hawezi kukifikia bila mimi kukaa katikati."

Alifariki mwaka jana. Figo.

Kwenye kikao cha kupanga mazishi niliomba wasifu wake usomwe kwa Ekegusii, au kwa lugha zote mbili, ili mama asikie. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayefanya kazi Nairobi, alikuwa ameshauandika kwa Kiingereza na kuupeleka kuchapishwa.

"Shemeji, kuna wageni," akasema. "Walimu wakuu, watu wa ofisi yangu. Watatuona watu wa namna gani?"

"Na marehemu alikuwa mwalimu wa Kiingereza," mzee mmoja akaongeza. "Tumzike kwa lugha ya kuuzia ndizi?"

Watu walicheka. Mimi si mtu wa kubishana.

Siku ya mazishi mama aliketi karibu na jeneza, nami kando yake. Binti wa shemeji alisoma, sauti nzuri, haraka haraka. Mama akanifinya mkono.

"Wanasema nini juu ya mtoto wangu?"

Kiingereza changu ni kidogo. Nilijaribu.

"Anasema alizaliwa hapa."

"Hilo najua. Nilikuwepo."

"Anasema alipita mitihani. Anasema alikuwa... kuna neno hapa silijui."

"Ruka."

Niliruka mengi. Binti alifika mwisho, akataja walioachwa.

"Mimi nimetajwa?"

"Umetajwa."

"Kwamba?"

"Kwamba umebaki."

"Basi?"

"Basi, Mama."

Akasimama. Mwendesha shughuli alimkimbilia akiwa na kipaza sauti mkononi, akimwomba aketi kwa sababu ratiba ilikuwa imejaa na mchungaji alikuwa anasubiri. Mama alikichukua kile kipaza sauti kana kwamba alikuwa ameletewa. Akasema kwa Ekegusii kwamba huyu alizaliwa wakati wa palizi ya wimbi shambani, mvua ikinyesha ndani ya nyumba. Kwamba masikio yalimsumbua utotoni, mama akambeba mgongoni hadi Keumbu kutafuta dawa, na alipopona akawa mtoto wa kusikiliza kuliko wengine wote. Kwamba mwanawe alimsomea habari za watu wa mbali wasio na adabu, na yeye mama aliwapenda hivyo hivyo. Akauliza sasa atawasikia wapi. Wanawake wa nyuma, wale waliosinzia wakati wa wasifu, walikuwa wanalia.

Mchungaji akaomba mtu awatafsirie wageni. Shemeji ndiye aliyesimama. Alitazama jeneza, akatazama karatasi zake. Kisha akasema sentensi moja ya Kiingereza, na walimu wakuu wakapiga makofi kidogo.

"Amesema nini?" mama akaniuliza.

Ningeweza kusema tena kuna neno silijui. Lakini safari hii niliyajua yote.

"Amesema unawashukuru wote kwa kuja."

Mama alimgeukia mwanawe huyo. Shemeji alikuwa ameketi, ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua karatasi.

"Mwache," mama akasema. "Huyo tulimpeleka shule ya bweni akiwa mdogo mno, kabla maneno yetu hayajamkaa."

Wanaume wakaja, wakabeba jeneza hadi upande wa kulia wa nyumba, ambako wanaume huzikwa. Mama alinishika bega, tukawafuata.