Mkanda Mdogo kwa Mkono wa Mama

Mama yangu alikaanga maandazi na vitumbua kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi hiyo ilimjenga mikono. Ilikanda unga kabla ya alfajiri, ikanyanyua makarai, ikatulea sisi watoto watano baada ya baba kufariki. Fundi wake wa nguo alikuwa akiongeza kitambaa kwenye mikono ya gauni bila hata kuuliza. Nayasema haya mapema kwa sababu mambo yote yaliyotukuta yalitokana na mkono ule, ambao mimi nilikuwa nikiufunga na kuufungua kila siku bila kuutazama.

Tunaishi Kariakoo, ghorofa ya tatu, katika jengo lililopanda pale palipokuwa na nyumba yetu ya zamani. Mimi ni mtoto wa mwisho. Nafanya kazi ya ukarani katika ofisi moja Posta, na baada ya ndoa yangu kuvunjika nilirudi kukaa na mama. Mwaka juzi zahanati walimpima wakamkuta na presha. Daktari alimwandikia vidonge, akatushauri tutafute mashine ya kupimia nyumbani, tuandike majibu, turudi baada ya miezi mitatu.

Mashine niliinunua peke yangu, jioni nikitoka kazini. Siku hizi Kariakoo kuna mtaa mzima wa maduka ya vifaa tiba, na vitu vinavyouzwa humo vinatisha kidogo kwa mtu ambaye hajazoea: viti vya magurudumu vimekunjwa mlangoni, fimbo za kutembelea zimening'inizwa juu kama miwa, vipima sukari, vipima joto, mashine za kuvutia mvuke. Muuzaji alinipangia mashine nne za presha kwenye kaunta. Aliuliza ni ya nani, nikamwambia ya mama. Aliuliza kama ni mtu mzima, nikamwambia ndiyo. Basi. Nikachagua ile yenye tarakimu kubwa, inayowaka taa na kusoma majibu kwa sauti, nikiwaza kwamba macho ya mama hayaoni vizuri siku hizi. Nilijiona binti mwenye akili. Ule mkanda wa kufunga mkononi sikuufungua hata kuuangalia. Mkanda ni mkanda.

Siku ya kwanza ilisoma mia na sabini na kitu. Zahanati walikuwa wamepata mia na hamsini, tena kabla hajaanza dawa. Nikarudia. Ikapanda. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi akiniangalia usoni, na nadhani alichokisoma usoni mwangu kilikuwa kibaya kuliko alichokisema kile kidude.

Kuanzia hapo nikageuka askari. Nilipima asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikapima nikirudi, nikaandika yote kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Chumvi niliiondoa jikoni kabisa, nikaifungia kabatini kwangu. Samaki wa kukaanga akaondoka, achari ikaondoka. Mama alikuwa na kawaida ya kushuka chini baada ya swala ya alasiri, kukaa barazani kwa jirani muuza ubani, mmoja wa wale Waarabu wa zamani wa mtaa wetu, wakapiga soga mpaka magharibi. Nikamwambia ngazi zinampandisha presha, atulie ndani. Alitulia. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuambiwa na mtu akae, alikaa. Alisema tu kwamba chakula hakina ladha, na kwamba haumwi chochote. Mimi nikamjibu kuwa presha haiumi, ndiyo ubaya wake. Nilikuwa nimesikia redioni, na ni kweli. Lakini ukweli ule niliutumia kumnyamazisha.

Mama alikuwa na rafiki yake Ilala. Walisoma chuo kimoja cha Kurani wakiwa watoto, wakaolewa mwaka mmoja, wakawa wanapikiana uzazini na kuzikiana wazazi. Mama alimwita shoga yangu, kama wanavyoitana wanawake wa umri wao, nasi watoto tulimwita mama mdogo. Mwezi wa pili wa mashine ile, tulipata habari kuwa mama mdogo anaumwa, yuko kitandani, na anamuulizia mama. Mama alitaka kwenda siku ile ile. Nikampima. Ilisoma mia na sabini na nane. Nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba tusubiri ishuke kidogo, tutaenda Jumamosi.

Jumamosi haikushuka. Mama alikuwa ameshavaa baibui, amejifukiza udi, amekaa na mkoba mapajani. Nilimfunga mkanda mara tatu. Alinyoosha mkono. Kila mara ile sauti ilisoma namba ile ile au iliyoizidi, na mara ya tatu nilimwambia, "Leo hapana, mama. Ukianguka njiani nitamwambia nani?" Alivua baibui akaenda kulikunja chumbani. Mimi nilimpigia simu binti wa mama mdogo, dada mkubwa kwangu, nikamwomba radhi, nikasema mama hayuko vizuri.

Mama mdogo alifariki Alhamisi iliyofuata.

Msibani mama alienda, wala sikuthubutu kuitoa ile mashine. Alikaa ndani na wanawake wenzake siku tatu, akisoma, akipokea watu. Alipanda na kushuka ngazi za nyumba ile mara ngapi sijui. Hakuanguka. Niliporudi kumpima siku ya nne, alininyooshea mkono kama mtu anayempa mtoto kitu achezee.

Wiki chache baadaye tukaenda zahanati. Nilibeba daftari langu na mashine, kwa kuwa walituambia tuje nayo. Tulipokelewa na nesi mmoja wa makamo, mpole, mwenye mwendo wa polepole. Alifungua daftari, akasoma kurasa mbili, akamtazama mama, akarudi kwenye daftari. Alimwambia mama akae, aegemeze mgongo, aweke miguu yote chini asiipandanishe, apumzike dakika tano. Mimi nilianza kuongea, akaniomba na mimi ninyamaze. Kisha akaenda chumba cha pili, akarudi na mkanda mpana, akamfunga mama juu ya kiwiko, kwenye ngozi, si juu ya nguo. Akapima mara mbili. Mia na arobaini na mbili. Mia na arobaini.

Halafu akachukua mkanda wetu, akauzungusha kwenye mkono ule ule, akaniita nisogee. Kwenye mkanda kuna mistari miwili, na ukingo wake unatakiwa uangukie katikati ya mistari hiyo. Wetu haukufika hata karibu. Sehemu yake ya kunasa ilikuwa imeshika kwenye ncha tu. Akawasha mashine. Ikatangaza mia na sabini na moja, kwa sauti ile ile ya uhakika.

"Mashine haina ubaya," nesi aliniambia. "Mkanda ndio mdogo. Mkono mnene ukiufunga mkanda mdogo, unasoma juu. Imeandikwa hapa."

Alinionyesha. Iliandikwa kweli, kwa herufi ndogo upande wa ndani: mwisho sentimita thelathini na mbili. Akachukua futi ya fundi cherehani kutoka mfukoni mwa koti lake, akaupima mkono wa mama. Thelathini na tisa. Alisema dawa zinamfaa, aendelee nazo vile vile, na kwamba kama daktari angelifuata daftari langu angemwongezea, na hapo ndipo mama angeweza kuanguka kweli.

Tulirudi kwa bajaji. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza, na kila neno nililolipata lilikuwa dogo. Nyumbani mama alivua viatu, akanywa maji, akakaa. Nikakaa chini, karibu na miguu yake, nikamwambia nimekosa.

"Kukosea kununua si kosa," alisema. "Hata mimi nimeshanunua unga mbovu. Ila miezi yote hii hukuniuliza hata siku moja najisikiaje. Ulikuwa unakiuliza kile kidude."

Hakuinua sauti. Wala hakumtaja rafiki yake, nami nilijua kwamba kutomtaja kwake ndiko kumtaja.

Safari ya pili dukani tulienda wote, asubuhi, Kariakoo haijachangamka bado. Mama alikataa duka la kwanza kwa sababu kijana wa pale alikuwa ananieleza mimi badala ya kumweleza yeye. Duka la pili alikuwepo mzee mmoja mwenye subira. Mama alimtajia sentimita zake kama anavyotaja saizi ya kiatu, akaomba afungwe mikanda pale pale. Alijaribu mitatu. Aliuliza betri zinabadilishwaje, na kama mkanda ukichakaa unauzwa peke yake. Yule mzee alimwonyesha na aina ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, akasema baadhi ya wenye mikono minene huipenda, lakini inataka mkono uinuliwe sawasawa na moyo, la sivyo inadanganya. Mama akasema kidude chenye masharti mengi kuliko mume hakitaki. Na ya kuongea pia alikataa. Hataki kitu kinachotangaza mambo yake mpaka kwa jirani, alisema. Alichagua ya kawaida, yenye kitufe kimoja anachoweza kukibonyeza mwenyewe, na mkanda mpana.

Tulipotoka nilidhani tunaenda nyumbani. Akasema, "Nipeleke Ilala."

Binti wa mama mdogo alitupokea vizuri. Nilimwamkia shikamoo dada, akaitikia, akatuletea kahawa na tende. Chumba cha marehemu kilikuwa bado kama kilivyokuwa, na mama aliomba aingie. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akapitisha kiganja juu ya shuka. Dada yule alisimama mlangoni akatusimulia siku za mwisho: jinsi mama yake alivyokuwa akiuliza kila mlango ukigongwa kama ni shoga yake. Hakuyasema kwa lawama, alisimulia tu.

Mama akasema miguu ilikuwa inamsumbua, ndiyo sababu hakuweza kuja.

Sikulitegemea lile. Mama yangu hajui kusema uongo, na ule aliusema kwa ajili yangu, akiangalia shuka. Ningeweza kunyamaza. Mambo mengi katika familia zetu yanapita kwa njia hiyo, mtu anafunikwa kwa khanga ya mwenzake na maisha yanaendelea. Lakini niliona kwamba nikinyamaza, yule dada ataendelea kuamini kuwa rafiki wa mama yake alishindwa na miguu.

"Miguu yake ilikuwa mizima," nilisema. "Alishavaa kuja. Mimi ndiye niliyemzuia." Nikamweleza yote, mashine, mkanda, ile Jumamosi. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka, lakini nilifika mwisho.

Dada yule alienda kukaa kitandani kando ya mama, akamuuliza ile Jumamosi alivaa nini. Mama akamwambia: baibui jipya, na udi ule aliopewa na marehemu Idi iliyopita. Yule dada akaanza kulia, mama akamshika, na mimi nikatoka uani nikasimama karibu na bomba. Waliongea muda mrefu. Safari hii sikumwita mama kwamba tuwahi.

Siku hizi mama anajipima mwenyewe, asubuhi mara mbili kwa wiki, akishapumzika. Anaandika kwenye daftari lake kwa tarakimu za Kiarabu alizofundishwa chuoni, na mimi niliyekuwa mtoro chuoni nazisoma kwa shida. Presha yake ipo, haijaondoka, na vidonge hajaacha. Chumvi anaiweka mwenyewe, kidogo. Alasiri anashuka barazani. Kila ninaporudi kutoka Posta namkuta pale, namwamkia, namuuliza ameshindaje, na nasubiri ajibu mpaka amalize, hata kama anaanzia kwa jirani na bei ya nazi.

Yule dada wa Ilala anakuja kila mwezi. Mama anampikia vitumbua.