Mananasi Matano ya Bi Tausi

Walisema Kiingereza hakitanipanda hata nikilala na kamusi mchagoni. "Wewe wa jembe tu," baba mdogo alikuwa akinicheka. Leo nina diploma, nimefanya kazi ughaibuni, nimerudi na kujenga nyumba Sofu, Kibaha, na maneno ya Kiingereza nayafukua mpaka mizizi.

Enzi zetu kijijini Kibuta, ukitoka shule na njaa ulipita shambani kwa Bi Tausi ukachuma nanasi. Hakuna aliyekuuliza. Sharti lilikuwa moja: ule palepale, maji yake yakikuchuruzika mpaka viwikoni, kisha kile kishungi cha majani cha juu yake ukichomeke ardhini kiote, kabla hujaondoka. Nyuki walitusindikiza mpaka nyumbani. Kula ruhusa, kubeba ni wizi.

Mimi nilibeba. Matano, ndani ya mfuko wa shule, nikayauza barabarani nikanunua kamusi iliyochakaa. Vishungi nikavitupa porini. Mvua zilipoanza, Bi Tausi akapanda michongoma ya miiba kuzunguka shamba lote. "Aliyebeba amewafungia wenzake," alisema. Hakuna mtoto aliyekula tena pale.

Katika kamusi ileile nilikutana na neno 'pilfer'. Maana yake kudokoa, kuiba vitu vidogo vidogo. Nilifurahi: kumbe kosa langu lina jina dogo! Miaka mingi baadaye, ughaibuni, nikaitafuta asili yake. Neno lilitoka Kifaransa cha kale, na huko lilihusu nyara, mali inayotekwa vitani. Nilishangaa sana. Neno la majeshi limesinyaaje mpaka likamtosha mtoto anayedokoa nyama jikoni? Wazee wetu walisema kinyume, kwamba udokozi ndio hukua ukawa wizi. Lakini kila nilipoikumbuka ile michongoma, niliona neno halikusinyaa sana. Mananasi matano yaliteka shamba zima.

Niliporudi, kila aliyewahi kunichangia nauli ya kwenda ughaibuni nilimlipa, tena kwa nyongeza. Akabaki mmoja. Nikapakia vishungi hamsini kwenye gari, gari langu mwenyewe, nikaenda Kibuta. Bi Tausi alikuwa amekaa mlangoni akimenya muhogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe si yule wa kamusi?"

"Ulijua?"

"Nani hakujua? Baba yako alikuwa hana hela ya chumvi, kamusi ungeitoa wapi? Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Nilichukua mimi, Bibi. Nisamehe."

Akainuka taratibu, akachambua vishungi vitano tu. "Vingine kapande kwako. Hapa usiniletee maringo."

Tukavipanda vile vitano, viatu vyangu vya ngozi vikajaa udongo. Kisha akanipa panga, nikafyeka michongoma upande wa njia ya shule mpaka mikono ikavuja damu. Watoto waliokuwa wakirudi nyumbani wakasimama kututazama. Watoto wa siku hizi nanasi wanalijua likiwa vipande kwenye kikopo, na kijiti juu yake. Mmoja akaingiza kichwa kwenye lile pengo.

"Bibi, moja bei gani?"

Enzi zetu swali hilo halikuwepo. Bi Tausi alinitazama mimi. Nikachuma nanasi lililoiva kwenye mashina ya zamani, nikamkatia, nikasubiri alimalize palepale, kisha nikamwonyesha mahali pa kuchomeka kishungi.